Theodolaiti ya venia niliyoikuta kwenye mizani ya chuma chakavu, Moshi

MWENYE UZI

Salaam wakuu. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mnunuzi mmoja wa chuma chakavu, upande wa Pasua, nikitafuta kipande cha bomba la kutengenezea geti. Juu ya mizani yake, katikati ya rejeta mbili za gari na kichwa cha cherehani, nilikuta sanduku la mbao nyekundu lililofungwa kwa kamba ya katani. Kijana wa pale alikuwa ameshaandika uzito kwa chaki kwenye kifuniko. Nilipolifungua nikaona theodolaiti ya zamani, chombo cha wapima ardhi, imelala kati ya vibao vyake, na shaba yake imegeuka rangi ya chai iliyolala. Nikalipa bei ya shaba, nikaongeza kidogo kwa ajili ya sanduku, ambalo wao walikuwa wamelipangia kazi ya kuchemshia maharage.

Mimi si mpima ardhi. Nimefanya kazi miaka mingi ya kutengeneza vyombo vya maabara, yaani mizani na hadubini, kwa hiyo skrubu ndogo na lenzi hazinitishi. Naandika kwanza ili kueleza kifaa hiki ni nini na kimetoka wapi, maana tangu nilipokiweka mezani majirani wameniuliza mambo ya ajabu. Pili, kuna wazo lililonijia nikiwa nakisafisha, nami ningependa wapima wenyewe walipinge kama nimekosea: waliotengeneza chombo hiki hawakukiamini, na karibu kila sehemu yake imewekwa ili kumwonyesha mtumiaji ni kwa kiasi gani chombo chenyewe kinamdanganya.

Kwenye bamba la juu pamechongwa jina Cooke, Troughton & Simms, na jina hilo peke yake linatosha kukadiria umri. Thomas Cooke alikuwa fundi wa darubini wa mji wa York, Uingereza; Troughton & Simms walikuwa mafundi wa London walioshirikiana tangu mwaka 1826; biashara hizo mbili zikawa kampuni moja mwaka 1922. Kwa hiyo chombo changu hakiwezi kuwa cha Mjerumani, kama jirani yangu anavyong'ang'ania, kwa kuwa kufikia mwaka huo Mjerumani alikuwa ameshaondoka Tanganyika.

Kazi ya theodolaiti ni kupima pembe. Darubini inazunguka kulia na kushoto juu ya duara la mlalo, na inainuka na kushuka pembeni mwa duara la wima. Ukilenga kona moja ya shamba ukasoma duara, kisha ukalenga kona ya pili ukasoma tena, tofauti ya masomo hayo mawili ndiyo pembe. Kinachobaki ni hesabu ya pembetatu, ambayo wengi wetu tuliifanya sekondari bila kuambiwa ni ya nini.

Ugumu wote upo katika kusoma duara. La kwangu lina kipenyo cha inchi 5, na ukingoni limechomekwa utepe wa fedha wenye mistari membamba kama ya noti. Digrii moja ina dakika 60 za pembe, na dakika moja ina sekunde 60; hapa kila digrii imegawanywa sehemu tatu, yaani mstari kwa kila dakika 20. Ili kupata kilicho kati ya mstari na mstari kuna venia, mbinu aliyoieleza Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631. Pembeni mwa duara kuna kipande kingine chenye nafasi 60 zinazolingana na nafasi 59 za duara. Kwa kuwa kila nafasi ya venia imepunjwa kidogo, ni mstari mmoja tu utakaokutana sawasawa na mwenzake wa upande wa pili, na mstari huo ndio unaokupa dakika na sekunde. Kwa hesabu hiyo chombo kinasoma mpaka sekunde 20. Kwa umbali wa kilomita moja, sekunde 20 ni kama sentimita 10, yaani upana wa kiganja.

Usiku wa kwanza nilikaa mezani na tochi, nikaifunga darubini mahali popote na kusoma dirisha la kwanza la venia, lililochongwa herufi A. Sifuri ya venia ilikuwa imepita digrii 137 na dakika 40, na mstari uliokutana ulikuwa ule wa dakika 6 na sekunde 20. Nikaandika 137° 46′ 20″. Nikageukia dirisha B, lililo upande wa pili wa duara, ambalo lilipaswa kusoma digrii 180 zaidi. Likasoma 317° 46′ 40″. Nikafikiri macho yangu yamechoka. Nikasoma tena, sekunde 20 zile zile zipo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuna madirisha mawili. Hakuna fundi anayeweza kuweka ekseli katikati ya duara kabisa. Lazima itakuwa imekaa pembeni kwa unene usioonekana kwa jicho. Kosa hilo likiongeza somo la A, linapunguza la B kwa kiasi kile kile, kwa hiyo wastani wa masomo mawili unalifuta. Fundi wa York alijua amekosea, akachonga dirisha la pili ili kosa lake lijulikane. Katika vyombo vyote vya maabara nilivyowahi kufungua, sijaona ungwana wa namna hiyo.

Mistari yenyewe nayo ina historia. Zamani maduara yaligawanywa kwa mkono na bikari, na mwenye mkono mzuri alikuwa na bei yake. Katika miaka ya 1770, Jesse Ramsden wa London alikamilisha mashine ya kugawanya duara: gurudumu kubwa lenye meno 2,160 linalosukumwa na skrubu, ambapo mizunguko sita ya skrubu ni digrii moja. Tangu hapo maduara madogo yakawa sahihi kuliko makubwa ya zamani. Ramsden huyo huyo ndiye aliyetengeneza theodolaiti kubwa iliyokamilika mwaka 1787, yenye duara la futi tatu na uzito wa kilo 90 hivi, kwa ajili ya William Roy aliyekuwa akiunganisha kwa pembetatu vituo vya nyota vya Greenwich na Paris. Alimchelewesha Roy miaka mitatu, na Roy alilalamika hadharani. Kumbe mafundi kusema "njoo kesho" hakukuanzia kwetu.

Kuhusu usafishaji nitasema machache. Shaba sikuing'arisha, na naomba asiwepo mtu wa kunishauri niing'arishe. Dawa ya kung'arishia ikigusa utepe wa fedha inakula mistari, na mistari ikienda chombo kimekufa. Skrubu nilizitia mafuta mepesi ya saa. Uzi mmoja wa msalaba wa kulengea ndani ya darubini ulikuwa umekatika, na uzi wenyewe ni utando wa buibui, ndivyo mafundi walivyofanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Nikamkamata buibui mdogo nyuma ya stoo, nikamwacha aning'inie huku nikiuzungusha uzi wake kwenye kijiti cha panda, kisha nikaubandika kwa tone la vanishi mahali pa ule wa zamani. Nilivunja nyuzi nne kabla ya kufaulu na ya tano.

MCHANGIAJI WA MBAUDA, ARUSHA

Mkuu, nakupongeza kwa kukiokoa. Swali langu ni lile ambalo bila shaka umeshaulizwa na majirani: huku kwetu kuna watu wanaopita wakitafuta vifaa vya zamani vya wapima kwa bei kubwa, wakidai ndani yake kuna zebaki ya thamani. Wengine wanang'oa bikoni za zamani, zile alama za mipaka ya ardhi, kwa imani kwamba chini yake Mjerumani alificha mali. Je, kuna ukweli wowote?

MWENYE UZI

Ndugu wa Mbauda, nimekifungua chombo hiki mpaka skrubu ya mwisho na sikuona tone la zebaki. Ndani ya kichupa cha pima maji kuna kimiminika chepesi cha jamii ya spiriti, kilichochaguliwa kwa sababu kipovu chake kinatembea upesi. Zebaki ilitumiwa na waliopima jua na nyota kwa sekstanti: waliimwaga kwenye kisahani, ikatulia kama kioo kilicholala sawasawa, wakapima pembe kati ya nyota na kivuli chake. Ni zebaki ya kawaida na ni sumu. Anayekupa mamilioni kwa ajili ya theodolaiti anajua atakavyokulaghai hatua inayofuata.

Habari ya bikoni inaniuma zaidi. Wapima wa zamani, hasa katika vituo vikubwa vya vilimani, walikuwa na desturi ya kuzika alama ya pili chini ya ile inayoonekana, ili ya juu iking'olewa ya chini ibaki. Nadhani aliyewahi kuchimba akakuta chuma au chupa iliyozikwa kwa uangalifu alirudi kijijini na hadithi ya hazina, na hadithi ikazaa wachimbaji. Wanachong'oa ni mpaka wa watu.

MPIMA MSTAAFU, ARUSHA

Mwenye uzi, nimesoma maneno yako mara mbili. Mengi ni sahihi, mawili nitayarekebisha.

Kwanza, umesahau nusu ya dawa. Madirisha mawili yanatibu kosa la ekseli ya duara tu. Darubini nayo inaweza kuwa haikukaa mraba juu ya mhimili wake, na mhimili wenyewe unaweza kuwa umeinama. Kwa hiyo mpima anasoma akiwa na duara la wima mkono wa kushoto, halafu anaipindua darubini, anazungusha chombo nusu duara na kusoma lengo lile lile duara likiwa mkono wa kulia. Sisi tuliita uso wa kushoto na uso wa kulia. Madirisha mawili mara nyuso mbili ni masomo manne kwa kila lengo, na mwalimu wetu hakupokea daftari lenye uso mmoja. Alikuwa akilirudisha bila kusema neno, ameligeuza juu chini.

Pili, unazungumza kana kwamba uaminifu huo uliishia kwenye shaba. Mimi nilijifunzia Wild T2, na sitakubali isemwe vibaya. Heinrich Wild alikuwa mpima wa Uswisi. Mwaka 1902, akiwa kijana, alipanda mlima wa Dents du Midi na theodolaiti ya aina ya kwako. Kabla hajamaliza kuirekebisha dhoruba ikafika, akashuka bila kipimo. Akaamua kutengeneza chombo kisichomchelewesha mtu kileleni. Alifanya kazi kwenye kampuni ya Zeiss kule Jena, Ujerumani, tangu mwaka 1908, kisha mwaka 1921 akaanzisha karakana na wenzake huko Heerbrugg. T2 iliyotoka hapo ina maduara ya kioo badala ya fedha, na mwanga unaletwa kwa prizimu mpaka kwenye lenzi ndogo iliyo kando ya ile ya darubini. Ndani yake unaona mistari ya pande mbili za duara kwa pamoja, ya juu na ya chini. Unazungusha kitasa mpaka ikutane, na somo unalopata tayari ni wastani wa pande zote mbili, mpaka sekunde moja. Madirisha yako A na B yamo humo. Wild aliyaunganisha ili mtu asiyasahau. Kwa hiyo hoja yako naikubali, ila mrithi wake umemkosea heshima.

Usisahau pia kwamba chombo ni nusu ya kazi. Nyuma ya anayesoma kulikuwa na mwandishi. Msomaji anatamka namba, mwandishi anairudia kwa sauti huku akiiandika, na asiporudia msomaji haendelei. Mwandishi hafuti, akikosea anapiga mstari mmoja na kuandika juu yake, ili kosa libaki linasomeka. Kwenye tambarare za kusini ya Kilimanjaro tulisoma alfajiri na jioni tu, kwa sababu kufikia saa nne asubuhi joto linaifanya hewa icheze, na nguzo ya mbali inakuwa kama mwali wa mshumaa. Mchana tulikaa chini ya mgunga tukihesabu. Kwa masafa marefu zaidi, waliotutangulia walilenga mwali wa jua uliorudishwa kwa kioo, kifaa alichokibuni Gauss katika miaka ya 1820, na usiku walilenga taa. Mshika kioo alikaa peke yake kilimani siku nyingi akisubiri wingu lipishe.

Hivyo ndivyo ulivyopimwa mnyororo wa pembetatu unaofuata meridiani ya 30, yaani longitudo ya digrii 30 mashariki. David Gill, mnajimu wa kituo cha nyota cha Rasi ya Tumaini Jema, ndiye aliyeupendekeza mwaka 1879, uanzie kusini mwa Afrika ufike Misri. Sehemu ya magharibi mwa Tanganyika iliongozwa na Martin Hotine kati ya mwaka 1931 na 1933, na mnyororo mzima ulikamilika mwaka 1954. Mtu wa Arusha anaweza kusema hilo ni jambo la Kigoma na Rukwa, halimhusu. Linamhusu, nami nitaeleza likijitokeza.

BINTI WA MACHAME

Shikamooni wazee wangu. Nasomea upimaji Dar es Salaam, na nina neno la kukiri. Vyombo tunavyotumia sasa, ambavyo vinapima pembe na umbali kwa pamoja na kuhifadhi kila kitu kwenye kadi, navyo vina uso wa kushoto na wa kulia. Darasani tunafundishwa nyuso mbili. Katika mafunzo ya vitendo, niliona kazi nzima ya viwanja zaidi ya arobaini ikisomwa uso mmoja, kwa sababu kioo kinaonyesha sekunde zote na inaonekana ni utovu wa adabu kukiuliza mara ya pili. Nilipouliza, niliambiwa mashine inajirekebisha yenyewe. Ni kweli inajirekebisha, kwa kutumia makosa yaliyopimwa mara ya mwisho, na hakuna pale aliyekumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. Nafikiri mwenye uzi hajakosea. Venia yake inamlazimisha msomaji ashuku. Kioo chetu kinamruhusu asishuku.

MPIMA MSTAAFU, ARUSHA

Marahaba mwanangu. Hilo la kadi ningeweza kuandika kurasa, lakini umelimaliza.

MAMA WA KIBOSHO

Wazee, mimi sijui venia, ila nina jambo la mipaka na ninaomba kueleweshwa. Marehemu mume wangu aliacha kiwanja kando ya shamba la kahawa, kilichopimwa miaka ya themanini na ramani yake ninayo. Mwaka jana niliita mpimaji binafsi anirudishie bikoni mbili zilizopotea. Alikuja na kifaa cha setilaiti cha kushika mkononi, akaingiza namba kutoka kwenye ramani, akaanza kutembea. Alitembea akapita uzio wangu, akapita nyumba ya shemeji, akavuka mfereji, akapanda mpaka kwenye migomba ya watu nisiowafahamu, akapigilia kigingi. Akaniambia kwa upole kwamba kiwanja changu kipo pale, na kwamba tumeishi kwa watu miaka yote. Wenye migomba walitoka na mapanga. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyesema yeye haoni sale hata moja, ule mmea wetu wa kupanda mpakani, mahali pale, na tangu lini mpaka wa Mchaga ukakosa masale.

MPIMA MSTAAFU, ARUSHA

Mama, pole sana. Nakisia kigingi kile kilikuwa upande wa juu, mlimani, kama mita 300 kutoka kwako na kidogo kuelekea magharibi.

MAMA WA KIBOSHO

Ndiyo hasa. Umejuaje?

MPIMA MSTAAFU, ARUSHA

Kwa sababu ya ule mnyororo wa meridiani ya 30. Ramani zetu za zamani, za Tanzania, Kenya na Uganda, zimeegemea pembetatu zile, na mfumo wake unaitwa Arc 1960. Ili kuhesabu mahali juu ya dunia lazima kwanza ukubaliane umbo la dunia, na mfumo huo unatumia umbo lililohesabiwa na Mwingereza Clarke mwaka 1880. Vifaa vya setilaiti vinatumia umbo jingine, lenye kitovu kingine, linaloitwa WGS 84. Namba zile zile zikisomwa katika mfumo usio wake, kwa huku kwetu zinakupeleka yapata mita 300 kaskazini na 90 hivi magharibi. Kwako kaskazini ni mlimani, kwa hiyo alipanda.

Kijana yule hakuwa na chombo kibovu. Alikuwa na chombo kizuri kilichojibu kwa usahihi swali ambalo hakulikusudia, na hakikuwa na dirisha B la kumuuliza kama ana hakika. Mwambie yeyote atakayekuja aanze kwenye bikoni moja ambayo bado ipo na inayojulikana. Kama kifaa chake hakisomi namba za bikoni hiyo, asipige hatua. Na masale yaacheni yalipo. Mpima mwenye akili huyaandika kwenye daftari lake.

MCHANGIAJI WA MBAUDA, ARUSHA

Maadamu tumefika mlimani: huo mlima wenyewe, Kilimanjaro, walipimaje urefu wake kabla ya setilaiti? Na ni kweli hapa Arusha, kwenye Mnara wa Saa, ni katikati ya Cape Town na Cairo?

MPIMA MSTAAFU, ARUSHA

La mnara ni rahisi. Cape Town ipo karibu digrii 34 kusini na Cairo digrii 30 kaskazini, kwa hiyo latitudo ya katikati ni kama digrii 2 kusini. Sisi tuko digrii 3 na dakika 22. Katikati hiyo ipo zaidi ya kilomita 150 kaskazini yetu, ng'ambo ya mpaka. Wanaosema ni hapa wahesabu barabara, wala nisingependa kuwaharibia biashara wauza vinyago.

La mlima ni gumu kidogo. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken na Richard Thornton waliuzunguka upande wa kusini wakipima pembe, wakati ambapo huko Ulaya walikuwapo wasomi waliokataa kwamba theluji aliyoiona Johannes Rebmann mwaka 1848 ilikuwa theluji. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 alitumia mgandamizo wa hewa, na ramani za Wajerumani zikaandika mita 6,010. Tuliyoyazoea, mita 5,895, ni matunda ya upimaji wa Waingereza baadaye. Setilaiti zilipotumika mwaka 1999, zikatoa mita 5,892.

Sasa simama hapa Arusha na theodolaiti ya mwenye uzi, ulenge Kibo asubuhi kukiwa kweupe. Kuna kama kilomita 80. Dunia ni duara, kwa hiyo kilele kimezama chini ya mstari wako wa mlalo. Hewa nayo inaupinda mwanga na kukirudisha juu kidogo. Ukijumlisha yote mawili, asiyesahihisha atakosea kwa zaidi ya mita 400. Kupinda kwa hewa kunabadilika saa kwa saa, ndiyo maana walisoma siku nyingi, kutoka pande nyingi. Meyer hakukosea kwa uzembe. Barometa yake ilipima hewa ya siku ile.

MWENYE UZI

Narudi na taarifa. Mzee Mpima Mstaafu alipanda basi kutoka Arusha Jumamosi, akiwa na timazi yake mwenyewe ndani ya soksi, akaja kukiona chombo. Alikitazama kwa muda mrefu bila kukigusa. Kisha akaniuliza kwa nini nimekibeba kwa kushika darubini, nikamwomba radhi.

Tulikwenda kwenye uwanja wa wazi jirani na kwangu, tukapigilia vigingi vitatu vyenye umbali wa mita 200 hivi kati ya kimoja na kingine. Kipimo chake ni kile ambacho hakihitaji ramani wala setilaiti: pembe tatu za pembetatu lazima zifike digrii 180, na zisipofika wa kulaumiwa ni wewe. Alisoma yeye, mimi nikawa mwandishi, na niliposahau kurudia namba alinyamaza mpaka nikakumbuka. Kusawazisha chombo kulituchukua dakika kumi kwa kila kigingi. Kipovu kinatambaa polepole, unageuza skrubu mbili kwa vidole gumba vikitazamana, kinakuja katikati, unazungusha chombo robo duara, kinakimbia tena. Uzi wa buibui ulionekana mwembamba na mweusi juu ya nguzo, nami nilijivunia kimya kimya.

Madirisha mawili, nyuso mbili, vigingi vitatu. Wastani wetu ulikuwa 58° 12′ 30″, kisha 71° 40′ 50″, kisha 50° 06′ 00″. Jumla yake ni 179° 59′ 20″. Zimepungua sekunde 40.

Mimi nilifurahi. Nilisema kwa chombo kilichokuwa kinakwenda kuyeyushwa hiyo ni kazi nzuri, na nikapendekeza tugawe zile sekunde 40 kwa tatu, kila pembe ipewe haki yake, tukanywe chai. Mzee akasema hesabu hiyo ipo na ni halali, lakini haifanywi kabla mtu hajajiuliza kosa limetoka wapi. Akanitazama. Kwenye kigingi cha tatu upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, timazi ikawa inayumba, nami ndiye niliyesema imetulia kwa sababu jua lilikuwa limenichoma utosini.

Nimemwambia. Anarudi Jumamosi ijayo, na kigingi cha tatu tutakianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.